Kondoo 65 na Dola ya Makhalifa

Mwezi wa Aprili mwaka 643, kamanda wa Kiarabu aitwaye Abdallah bin Jabir alifika na watu wake katika mji wa Ahnas, Misri ya kati. Alikuwa na askari wa farasi, askari wa miguu na mabaharia, na wote walitaka kula. Wakuu wa mji, Wakristo waliozoea kuandika mambo yao kwa Kigiriki, wakampa kondoo 65. Kamanda hakuwaswaga kondoo akaenda zake. Aliacha stakabadhi.

Stakabadhi hiyo ingalipo mpaka leo, imehifadhiwa Vienna, Austria. Imeandikwa juu ya karatasi ya mafunjo, Kigiriki juu, Kiarabu chini, na ina tarehe: Jumada al-Ula, Mfungo Nane kwa hesabu ya watu wa pwani, mwaka wa 22 wa Hijra. Nyuma yake karani ameongeza kwa Kigiriki kwamba kondoo hao wahesabiwe kuwa sehemu ya kodi ya mwaka. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiarabu yenye tarehe, na hayataji vita wala ushindi.

Ushindi ulikuwepo, tena wa ajabu. Katika miaka 100 tangu alipofariki Mtume Muhammad (S.A.W.) mwaka 632, watawala Waislamu walishika nchi kutoka ufuo wa Atlantiki hadi bonde la mto Indus. Lakini Bara Arabu lilikuwa na wapiganaji hodari karne nyingi kabla ya hapo, na hawakuwahi kujenga dola ya namna hiyo. Waliteka nyara, wakagawana, wakatawanyika. Safari hii mambo yalikwenda vingine, na sababu moja kubwa imo katika madaftari: nani aliandikwa, nani alilipwa, na nani alilipa.

Wakubwa wawili wachoka, 602–632

Mwanzoni mwa karne ya 7 eneo lote la Mashariki ya Kati lilikuwa limegawanywa kati ya wakubwa wawili. Magharibi ilikuwapo Dola ya Urumi ya Mashariki, makao yake Constantinople. Mashariki walikuwapo Waajemi chini ya ukoo wa Sasani, mji wao mkuu ukiwa Ctesiphon, ambao Waarabu waliuita Madain, kando ya mto Tigris. Mwaka 602 walianza vita vilivyodumu miaka 26. Waajemi waliteka Jerusalem mwaka 614, kisha Misri. Kaisari Heraclius akajibu kwa kuingia mpaka moyoni mwa Uajemi. Mwaka 628 Mfalme Khosrow II akauawa na watu wake mwenyewe. Kila upande ukarudi kwenye mpaka wake wa zamani, hazina tupu, mashamba yameharibika. Tauni iliyozuka mwaka 541, na kurudi tena na tena, ilikuwa imekwisha kupunguza watu mijini.

Kulikuwa na kosa jingine ambalo gharama yake haikuonekana mapema. Kwa muda mrefu wakubwa hao walilinda mipaka yao ya jangwani kwa kuwatumia wafalme wa Kiarabu: Bani Ghassan upande wa Urumi, Bani Lakhm upande wa Uajemi. Karibu na mwaka 602 Waajemi waliuvunja ufalme wa Lakhm. Ukuta wa jangwani ukabaki na ufa.

Wakati huohuo, ndani ya Arabuni, jambo jipya lilikuwa linakua. Mwaka 622 Mtume Muhammad alihama kutoka Maka kwenda Madina, akaunda umma uliofungwa na imani badala ya nasaba. Mwaka 630 Maka yenyewe ilifunguka. Alipofariki miaka miwili baadaye, makabila mengi yaliona mkataba umekwisha pamoja naye. Baadhi yao walisema wataendelea kusali, ila zaka hawatoi tena.

Khalifa wa kwanza, Abubakar, alikataa kutenganisha mambo hayo mawili. Akapeleka majeshi, mashuhuri kati ya makamanda wake akiwa Khalid bin al-Walid, na katika muda usiozidi miaka miwili Bara Arabu likawa chini ya amri moja. Vita vya kwanza vya dola hii changa vilihusu, pamoja na imani, haki ya kukusanya.

Kambi badala ya mashamba, 634–644

Chini ya khalifa wa pili, Umar bin al-Khattab, milango ilifunguka mfululizo. Mwaka 636 jeshi la Urumi lilivunjwa kwenye bonde la mto Yarmuk, na Shamu, yaani Syria, ikapotea. Kwenye miaka hiyohiyo Waajemi walishindwa Qadisiyya, Madain ikaanguka, na mwaka 642 kule Nihavand likavunjika jeshi lao kubwa la mwisho. Mfalme wao, Yazdegerd III, alikimbia miaka mingi mpaka alipouawa karibu na Merv mwaka 651. Amr bin al-As aliingia Misri mwishoni mwa mwaka 639. Kufikia 642 Alexandria ilikuwa mikononi mwake.

Miji mingi haikutekwa kwa kuvunja kuta. Ilifanya mikataba. Wakazi walihifadhiwa maisha, mali na nyumba zao za ibada, nao wakakubali kulipa jizia, kodi ya wasio Waislamu. Kwa Wakristo wa Misri na Shamu waliokuwa wakibanwa na Constantinople kwa sababu ya tofauti za madhehebu, kubadilisha mpokeaji wa kodi halikuwa jambo la kufia.

Ndipo likaja swali lililoamua mustakabali. Mashamba ya Iraki, yaliyonyweshwa na mifereji ya Tigris na Euphrates, yalikuwa miongoni mwa mashamba yenye rutuba kuliko yote ulimwenguni wakati ule. Wapiganaji walitaka yagawiwe kama ngawira. Umar alikataa. Ardhi ibaki na wakulima wake, akaamua, nao walipe kharaji, kodi ya ardhi, kwa ajili ya Waislamu wote, waliopo na watakaozaliwa. Mpimaji wake, Uthman bin Hunaif, akatumwa kuipima.

Uamuzi huo ulizaa mwingine. Askari wasiokuwa na mashamba wanahitaji mahali pa kuishi na kitu cha kula. Basi wakawekwa katika miji mipya ya kambi: Basra na Kufa huko Iraki, Fustat huko Misri, mahali ambapo Cairo ingekuja kusimama baadaye. Na karibu na mwaka 640 likafunguliwa daftari la majina na malipo, lililoitwa diwan. Cheo ndani yake kilifuata utangulizi katika Uislamu. Kwa mujibu wa mapokeo yaliyoandikwa na wanahistoria kama al-Baladhuri, Bibi Aisha, mjane wa Mtume, aliandikiwa dirhamu 12,000 kwa mwaka. Waliopigana pamoja na Mtume katika vita vya Badr, 5,000. Askari wa kawaida waliokuja baadaye walipata mamia tu.

Kalenda ya Hijra nayo ilipangwa zama hizohizo, na mapokeo yanaeleza sababu yake kikarani kabisa: hati zilikuwa zinafika zina mwezi lakini hazina mwaka, na hapakuwa na njia ya kujua ni Shaabani ya lini.

Neno diwan limesafiri mbali. Lilimaanisha daftari, kisha ofisi inayotunza daftari, kisha baraza la wanaokaa ofisini. Mkazi wa Tanzania anayempigia kura diwani wa kata yake anatumia neno la ukoo huohuo.

Nani agawe, 644–685

Daftari lilituliza watu kwa kuwa lilisema nani apate nini. Kwa sababu hiyohiyo likazua ugomvi, maana kila aliyeona amepunjwa alijua aelekeze kidole wapi.

Khalifa wa tatu, Uthman bin Affan, aliweka jamaa zake wa Bani Umayya katika uliwali wa majimbo makubwa. Askari wa Kufa, Basra na Fustat walilalamika kwamba mali ya nchi walizoziteka wao inasimamiwa kwa faida ya ukoo mmoja. Mwaka 656 kundi la waasi, wengi wao kutoka Misri, waliizingira nyumba yake Madina, wakamuua. Ali bin Abi Talib, binamu na mkwewe Mtume, akapewa baia, kiapo cha utii, katikati ya damu ambayo haijakauka.

Yaliyofuata yanajulikana kama fitina ya kwanza. Vita vya Ngamia karibu na Basra, mwaka 656. Siffin, mwaka uliofuata, kati ya Ali na liwali wa Shamu, Muawiya bin Abi Sufyan wa Bani Umayya. Pale Siffin pande mbili zilikubali usuluhishi, na baadhi ya wafuasi wa Ali wakajitenga wakisema hukumu ni ya Mungu peke yake. Mmoja wao alimuua Ali mwaka 661 huko Kufa. Katika mazingira ya mabishano hayo, mjini Basra, ndiko madhehebu ya Ibadhi yalikoanzia. Yalihamia Oman, na karne nyingi baadaye yakafika Unguja pamoja na masultani wa Al Busaid.

Muawiya alihamisha makao hadi Damascus na kutawala miaka 19. Alikuwa na jeshi la Shamu lililolipwa kwa wakati, na alikuwa na makarani. Mkuu wa hesabu zake alikuwa Mkristo, Sarjun bin Mansur, wa familia ile iliyomtoa mwanateolojia Yohane wa Damasko. Kabla ya kufa Muawiya alimrithisha mwanawe Yazid. Husein, mwana wa Ali na mjukuu wa Mtume, alikataa kumpa baia, na mwaka 680, siku ya Ashura, akauawa Karbala pamoja na kikundi kidogo cha jamaa na masahaba wake. Kijeshi yalikuwa mapigano ya siku moja. Katika nyoyo za Waislamu hayajaisha, na mgawanyiko wa Sunni na Shia ulipata pale jeraha lake la kudumu.

Yazid naye alikufa mwaka 683. Abdallah bin Zubeir alitangazwa khalifa Maka, na kwa miaka karibu kumi umma ulikuwa na makhalifa wawili, mmoja Maka na mmoja Damascus.

Sarafu isiyo na sura, 685–705

Abdul Malik bin Marwan aliyeshika ukhalifa mwaka 685 alirithi nusu ya dola, na nusu yenyewe ilikuwa inayumba. Mwaka 692 kamanda wake Hajjaj bin Yusuf aliizingira Maka, Ibn Zubeir akauawa, na dola ikawa moja tena. Mwaka uliotangulia wa Hijra, wa 72, ndio unaotajwa katika maandishi ya Kuba ya Mwamba, aliyoijenga Abdul Malik mjini Jerusalem.

Hadi hapo, mtu aliyetaka kujua anatawaliwa na nani angeshindwa kujua kwa kutazama sarafu. Dhahabu iliyozunguka Shamu ilikuwa ya Kirumi au ya kuiga Urumi. Fedha ya Iraki ilikuwa na kichwa cha mfalme wa Kiajemi na moto wa Majusi, pembeni pameongezwa tu “bismillahi”. Al-Baladhuri anasimulia kwamba mabadiliko yalianza na karatasi. Misri iliwauzia Warumi mafunjo, na Abdul Malik akaamuru juu yake yaandikwe maneno ya Tauhidi. Kaisari akatishia kwamba asipoacha, dinari za Urumi zitapigwa zikiwa na matusi dhidi ya Mtume. Khalifa akajibu kwa kupiga dinari zake mwenyewe.

Iwe hivyo au la, dinari zenyewe zipo. Baada ya majaribio ya miaka michache, mwaka 696–697 ilitoka dinari ya dhahabu ya gramu 4.25 isiyokuwa na sura ya mtu yeyote. Upande huu na upande huu ni maandishi matupu: shahada, aya, mwaka. Dirhamu ya fedha ya mtindo huohuo ikafuata. Mtu wa Merv na mtu wa Fustat, waliokuwa hawajuani wala kuelewana lugha, sasa walishika mkononi kitu kimoja.

Madaftari nayo yakageuzwa. Miaka yote tangu Umar, hesabu za Shamu zilikuwa zikiandikwa kwa Kigiriki na za Iraki kwa Kiajemi, na makarani walikuwa watu walewale, baba kwa mwana. Al-Baladhuri ana kisa cha kuchekesha kuhusu Shamu: karani mmoja wa Kigiriki alikosa maji ya kutia kwenye wino, akakojoa ndani ya kidau, na khalifa aliposikia akaamuru daftari lihamishiwe Kiarabu. Huko Iraki kazi hiyo alipewa Salih bin Abdurahman, na inasemekana makarani wa Kiajemi walimwahidi dirhamu 100,000 ili ajifanye hawezi. Aliweza.

Hasara ya makarani hao ilikuwa faida ya Kiarabu. Mtoto wa Kikopti au wa Kiajemi aliyetaka kazi ya ofisini alilazimika kujifunza lugha ya khalifa, awe amesilimu au la. Katika vizazi vichache Kiarabu kikawa lugha ya soko, ya mahakama na ya vitabu, hata kwa Wakristo na Wayahudi.

Waislamu wa daraja la pili, 705–750

Chini ya watoto wa Abdul Malik mipaka ilifika mbali kuliko wakati wowote. Mwaka 711 Tariq bin Ziyad alivuka mlangobahari kuingia Hispania na jeshi lenye Waberberi wengi, akamshinda Mfalme Rodrigo wa Wavisigothi. Mlima alipotua unaitwa kwa jina lake, Jabal Tariq, ambalo ndimi za Ulaya zimeligeuza kuwa Gibraltar. Karibu na wakati huohuo Muhammad bin Qasim aliingia Sindh, na Qutaiba bin Muslim akaichukua Samarkand. Kisha kasi ikapungua. Constantinople ilizingirwa mwaka 717 na 718, haikuanguka. Mwaka 732 kikosi kilichotoka Andalusi, yaani Hispania ya Waislamu, kilirudishwa nyuma na Wafaranki karibu na Poitiers.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa nyumbani. Wengi wa raia wa dola hawakuwa Waislamu. Mwanahistoria Richard Bulliet, aliyechunguza nasaba za wanazuoni katika kamusi za wasifu, alikadiria kwamba kufikia mwaka 750 Waislamu wa Uajemi hawakutimia mtu mmoja katika kumi. Hata hivyo waliosilimu walikuwa wakiongezeka, na kila aliyesilimu alitazamia kuondolewa jizia. Hazina ikaona shimo. Hajjaj, akiwa liwali wa Iraki, aliwafukuza mijini wakulima waliosilimu, akawarudisha vijijini walipe kama zamani. Hata walioingia jeshini, walioitwa mawali, mara nyingi walipigana bega kwa bega na Waarabu bila kuandikwa kwenye daftari la mishahara.

Khalifa Umar bin Abdul Aziz, aliyetawala kuanzia 717 hadi 720, alijaribu kurekebisha. Aliamuru Mwislamu yeyote asitozwe jizia, na inasimuliwa kwamba alipolalamikiwa kuhusu upungufu wa mapato, alijibu kuwa Mtume alitumwa kulingania, hakutumwa kukusanya kodi. Alikufa baada ya miaka chini ya mitatu, na waliomfuata wakarudia ya zamani. Mwaka 740 Waberberi wa Afrika Kaskazini, Waislamu waliotendewa kama watu wa kutekwa, waliasi. Sehemu kubwa ya Maghrib haikurudi tena chini ya Damascus.

Dhoruba ya mwisho ilitoka Khurasan, kaskazini mashariki mwa Uajemi. Huko walowezi wa Kiarabu na wenyeji waliosilimu walikuwa wameishi pamoja na kulalamika pamoja. Mwaka 747 Abu Muslim, mtu ambaye asili yake mwenyewe haikuwa wazi, aliinua bendera nyeusi kwa ajili ya ukoo wa Mtume. Mwezi wa Januari 750, kwenye mto Zab, jeshi la Bani Umayya lilivunjwa. Waliofaidika ni Bani Abbas, wazao wa ami yake Mtume. Utawala wao waliuita daula, neno lenye maana ya zamu, mgeuko wa mambo: zamu yao ilikuwa imefika. Kwa Kiswahili neno hilo ni dola.

Karibu ukoo wote wa zamani uliuawa. Kijana mmoja, Abdurahman, alitoroka akafika Andalusi, na mwaka 756 akasimika utawala wake Cordoba.

Mji wa mviringo, 762–833

Khalifa wa pili wa Bani Abbas, al-Mansur, alimuua Abu Muslim mwaka 755, maana aliyeweza kusimamisha makhalifa angeweza pia kuwaangusha. Mwaka 762 akaanza kujenga mji mkuu mpya ukingoni mwa Tigris. Aliuita Madinat as-Salam, Mji wa Amani. Watu waliendelea kupaita kwa jina la kijiji kilichokuwapo, Baghdad. Ulijengwa mviringo, kasri na msikiti katikati, na malango manne: la Kufa, la Basra, la Shamu na la Khurasan.

Mahali penyewe palichaguliwa kwa akili ya mfanyabiashara. Ngano na shayiri zilishuka kwa mto kutoka kaskazini, mazao ya upande wa Euphrates yalifika kwa mifereji, na bidhaa za India, China na pwani ya Zanji zilipanda kutoka Basra. Matarishi wa posta, iliyoitwa barid, walibeba barua na, bila kusema sana, habari za kila liwali.

Juu ya yote haya alikaa waziri. Familia ya Barmaki, iliyotoka Balkh ambako mababu zao walikuwa walinzi wa hekalu la Kibudha, iliendesha dola kwa miaka 17 chini ya Harun al-Rashid kabla hajawageuka ghafla mwaka 803. Katika zama hizo ofisi za Baghdad ziliacha ngozi na mafunjo, zikashika karatasi ya kweli, ufundi uliofika kutoka Asia ya Kati. Mwandishi wa Misri al-Qalqashandi anaeleza sababu: wino ukiandikwa juu ya ngozi hufutika na kubadilishwa, lakini juu ya karatasi ukifutwa alama inabaki. Wezi wa hesabu walikosa usingizi.

Karatasi ilishusha bei ya kitabu. Chini ya al-Mamun, mwana wa Harun, al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha aljebra, na mifano yake mingi ilikuwa ya kugawa mirathi na kupima ardhi. Tabibu Mkristo Hunain bin Ishaq na wanafunzi wake walihamishia Kiarabu maandishi ya Galen na ya Wagiriki wengine. Wenyewe walilipwa, na walilipwa vizuri.

Mishahara inapokwama, 836–945

Al-Mamun alikuwa ameupata ukhalifa kwa kupigana na ndugu yake al-Amin, vita vilivyoichoma Baghdad. Ndugu yao al-Mutasim alijifunza asiwategemee watu wa nyumbani. Akanunua vijana wa Kituruki kutoka Asia ya Kati, akawafunza kupanda farasi na kutumia upinde, na mwaka 836 akahamia nao Samarra, mji mpya kilomita zaidi ya 100 kaskazini. Walikuwa askari bora. Hawakuwa na ndugu wala mashamba Iraki. Walikuwa na mishahara tu.

Mwaka 861 walimuua Khalifa al-Mutawakkil, na katika miaka tisa iliyofuata makhalifa wanne walipanda na kuangushwa. Kila aliyepanda alitakiwa kuwalipa waliompandisha.

Wakati Samarra inatafunana, moto uliwaka kusini. Kwenye mabwawa ya chumvi karibu na Basra, maelfu ya watumwa waliondoa kwa mikono gamba la chumvi ili ardhi ilimike. Wengi waliitwa Zanji, jina ambalo waandishi wa Kiarabu waliwapa watu wa Afrika Mashariki. Mwaka 869 mtu aitwaye Ali bin Muhammad aliwaahidi uhuru na mali. Wakajenga mji wao, al-Mukhtara, wakapiga sarafu zao, na mwaka 871 wakaiteka Basra na kuichinja. Ilihitaji miaka 14 na jeshi zima la al-Muwaffaq, nduguye khalifa, kuwamaliza mwaka 883.

Majimbo yaliyoona hayo yalianza kubaki na kodi yao. Misri ilishikwa na Ahmad bin Tulun mwaka 868. Mwaka 909 Wafatimi, Mashia wa Ismailia, walitangaza ukhalifa wao Afrika Kaskazini, na mwaka 969 wakaichukua Misri na kujenga Cairo. Mwaka 929 Abdurahman III wa Cordoba naye akajiita khalifa. Watatu kwa wakati mmoja.

Mwaka 937 kamanda Ibn Raiq, aliyekuwa amekabidhiwa mamlaka ya Baghdad, alivunja mfereji wa Nahrawan ili kumzuia adui. Maji yakamwagika, adui akapita hata hivyo, na mashamba ya mashariki mwa mji yakakauka. Uamuzi wa Umar ulijengwa juu ya mifereji hiyo. Miaka minane baadaye Bani Buwaih, wakuu wa vita kutoka milima ya Dailam, waliingia Baghdad. Khalifa alibaki kwenye khutuba ya Ijumaa na kwenye sarafu. Hazina ikawa ya wengine. Kivuli hicho kilidumu hadi Februari 1258, Hulagu na Wamongolia walipouteka mji na kumuua al-Mustasim.

Pwani isiyotekwa

Hakuna jeshi la khalifa lililotua Kilwa au Pate. Hata hivyo huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta chini ya msikiti wa mawe alama za misikiti ya miti na udongo, ya kwanza yake midogo kabisa, ya mwishoni mwa karne ya 8. Wakati huo Baghdad ilikuwa mji mpya. Vyombo vilivyoshuka na kaskazi vilileta vyungu vya Iraki, vikarudi na kusi vimebeba pembe, miti na watu waliouzwa. Al-Masudi, aliyesafiri huku mwaka 916, alikuta Waislamu katika kisiwa cha Qanbalu. Kizimkazi, Unguja, kibla cha msikiti kina maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetenga sehemu ya ngawira kwa matumizi yaliyotajwa katika Kurani, kama ambavyo Umar angetaka.

Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, mahali ambapo maji yakipwa mtu huvuka kwa miguu, ilifukuliwa akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu, zikiwemo za Wafatimi. Dinari zilitoka mbali. Zile za fedha ni ndogo mno, na zilipigwa hapahapa pwani. Hazina sura ya mfalme yeyote. Upande huu na upande huu ni maandishi ya Kiarabu, sifa ya Mungu na jina la mtawala wa mahali, kwa mtindo ambao Abdul Malik aliuanzisha Damascus karne kadhaa kabla, na majina yaliyomo ni ya watu ambao madaftari ya Baghdad hayakuwahi kuwaandika.